Mikono Iliyotangulia

Ukitaka kujua ndege kuukuu imetunzwa vipi, usikimbilie injini. Anza na reli za kiti cha rubani. Katika Cessna, kiti hukaa juu ya reli zenye matundu, na pini ndogo ya chuma ndiyo inayokizuia kisiteleze. Kadiri miaka inavyopita pini huyala matundu yale, yakapanuka na kurefuka, ikawa inashika kwa ncha tu. Siku moja ndege inainua pua kuondoka, kiti kinachomoka kwenda nyuma, rubani anakwenda nacho huku ameng'ang'ania usukani, pua inazidi kupanda na miguu haifiki tena kwenye pedali. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru reli hizo zikaguliwe mara kwa mara na matundu yake yapimwe.

Fundi mzuri, akiitwa kumkagulia mtu ndege anayotaka kununua, hupiga magoti mlangoni, akasogeza kiti, akawasha tochi na kupima tundu moja moja. Injini hajaigusa bado. Lakini akiona reli safi, pini zinazama mpaka mwisho na vizuizi viko mahali pake, ameshajua jambo kubwa: aliyeitunza ndege hii alihangaikia hata kile ambacho mwenye ndege hawezi kukiona. Ustadi wenyewe uko hapo, na ndio unaonifanya niwastahi mafundi hawa. Wanatafuta dalili za mikono iliyowatangulia, kwa kuwa anayenunua ndege kuukuu ananunua kazi ya watu asiowajua, kisha anapanda juu yake na wanawe.

Sisi wa Kiminini si wageni wa mitambo iliyotumika. Kwenye barabara hii itokayo Webuye kwenda Kitale, mwenye ekari za kutosha za mahindi hununua trekta iliyokwisha kuwalimia wengine, na haendi kuitazama bila fundi wake. Tofauti ni kwamba trekta ikikosewa inazimika katikati ya shamba, na ng'ombe wapo. Barabara hiyohiyo, A1, ukiipita Kitale inateremka hadi Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, nchi ambako kwa miaka mingi daktari na dawa viliwahi kwa ndege ndogo au havikuwahi kabisa. Operesheni Lifeline Sudan ilipoanza mwaka 1989, Lokichoggio ikageuka kituo kikubwa cha ndege za misaada. Huko chini ni mawe na miiba kwa mwendo wa siku nzima, na injini ikizima rubani hana pa kuegesha.

Ndege inayotafutwa sana kwa kazi kama hizo ni Cessna 206. Ilianza kuuzwa mwaka 1964: injini moja, viti sita, bawa lililokaa juu lisikwaruze vichaka, magurudumu yasiyokunjwa, na katika ile ya U206 milango mipana ya mizigo ubavuni. Cessna iliacha kuitengeneza mwaka 1986, wakati kesi za fidia zilipowaelemea watengenezaji wa ndege ndogo Marekani, ikairudisha mwaka 1998 na injini ya Lycoming badala ya Continental. Kwa hiyo nyingi zinazozunguka sokoni ni za kabla ya 1986, na zimewapita kwa umri marubani wanaozirusha. Umri peke yake si kasoro. Ndege huhesabiwa kwa saa. Ile Continental IO-520 ya nguvu za farasi 300 imewekewa saa 1,700 kabla ya kufunguliwa yote na kufanywa upya. Kwa matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, hizo ni kilomita 136,000, na muda wote huo injini ya ndege inavuta kwa nguvu ambazo gari huzitumia mlimani kwa dakika chache tu.

Kabla ya bisibisi kuna karatasi. Ndege ina daftari la mwili, daftari la injini na daftari la propela, na fundi huyasoma yote kuanzia ukurasa wa kwanza, kalamu mkononi, akijumlisha saa mwenyewe. Anatafuta mapengo. Mwaka mzima bila saa hata moja humtisha kuliko miaka ya kazi nzito, kwa sababu injini iliyolala hupata kutu ndani ya silinda, mahali oili ilipokwisha kuteremka. Anatazama ndege imeishi wapi: iliyokaa Lamu au Malindi imevuta hewa ya chumvi, na chumvi huila alumini polepole, ikianzia kwenye maungio. Halafu anafika kwenye mstari mmoja usio na maelezo: propela mpya imefungwa. Kwa nini? Ya zamani ilikwisha saa zake, au iligonga ardhi ikiwa inazunguka? Ikiwa iligonga, mshtuko ulipita moja kwa moja hadi kwenye krankishafti, na injini ilipaswa kufunguliwa. Fundi anageukia daftari la injini, tarehe ileile. Kama hakuna kitu, anaandika swali lake na kuendelea. Kusoma huku kunaweza kumla siku nzima, na mnunuzi asiyeelewa huona kama analipia mtu kukaa kitako.

Nyingi za ndege hizi hukaguliwa katika Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kilichopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, enzi za ndege za mbao na kitambaa. Mafundi wa pale wana leseni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na wengi wana wazee wao kazini waliowafundisha kukaa kimya mbele ya ndege inayong'aa. Mnunuzi husema, "Injinia, umeona rangi hii? Mpya kabisa." Na injinia, kwa adabu zote, hujibu, "Ndiyo mzee. Sasa nataka kujua ilipakwa juu ya nini."

Anaanza kuizunguka. Anachuchumaa ili jicho lake liwe sawa na bati, mwanga ukipita juu yake kwa ubavu, maana mkunjo mdogo hauonekani ukisimama. Anazitazama ribiti, na ziko maelfu. Ribiti iliyolegea hutikisika angani, ikasaga alumini kuwa unga mweusi, na upepo ukauvuta unga huo kuelekea nyuma kama wanja uliochuruzika. Ribiti moja ya namna hiyo ni kazi ya saa moja. Mstari mzima wa ribiti hizo chini ya bawa, pale mhimili wa bawa unapokutana na mwili, ni habari nyingine kabisa.

Kisha anafungua kifuniko cha injini na kutazama lile bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani, ambalo mafundi huliita ukuta wa moto. Gurudumu la mbele la 206 limeegemea hapo. Rubani aliyetua kwa pua, hata mara moja, hata miaka ishirini iliyopita, ameacha mikunjo chini ya ukuta huo. Anaingiza kioo na tochi ndani ya bawa kupitia vidirisha vya ukaguzi. Cessna nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila rangi ya ndani, alumini tupu. Kwa hiyo akiona huko ndani kipande kimoja kimepakwa rangi ya kijani ya kuzuia kutu, anajua kipande hicho kilikuja baadaye. Sasa anakifuata kwenye daftari. Kikiwa kimeandikwa, pamoja na mchoro, unene wa bati na aina ya ribiti, anaridhika, na pengine anavutiwa: matengenezo mazuri hayana cha kuficha. Nimeona fundi akipitisha kidole kwenye kiraka cha mtu mwingine kwa heshima ya dhahiri, akihesabu nafasi kati ya ribiti na ribiti na kukuta zote sawa.

Huku Trans-Nzoia kuna adui ambaye watu wa mijini hawamfikirii: panya. Ndege ikiegeshwa karibu na ghala la mahindi baada ya mavuno, panya watapanda kwenye magurudumu, wataingia mkiani na kujenga viota vya majani na magunzi. Mkojo wao hutoboa alumini. Fundi anayejua nchi hii hung'oa sakafu na kunusa kabla ya kuangalia. Nyigu nao hujenga kwa udongo ndani ya kile kibomba kinachopima mwendo, wakati mwingine kwa siku moja tu, kwa hiyo fundi huchunguza kama kifuniko chake kipo na kama kimechakaa kwa kutumika au bado ni kipya mfukoni.

Kwenye kebo za usukani hana haja ya kifaa. Anachukua kitambaa laini, anaizungushia kebo na kukivuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi mmoja wa chuma uliokatika, mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona gizani, hukinasa kitambaa. Hapo ndipo pa kutazama. Sijui njia nyingine ya ukaguzi iliyo rahisi na kamili kiasi hicho.

Injini inakuja mwishoni, na inahitaji masikio. Ikiwa bado na joto, anafunga plagi ya hewa kwenye silinda ya kwanza na kuingiza hewa ya shinikizo la paundi 80 kwa inchi ya mraba, msaidizi akiwa ameishika propela kwa nguvu, kwa kuwa hewa ile inaweza kuizungusha na kumvunja mtu mkono. Geji moja inaonyesha kinachoingia, ya pili kinachobaki. Sabini na mbili kwa themanini, vizuri. Lakini namba ni nusu tu ya habari. Hewa iliyopotea imepitia wapi? Fundi anainama kwenye bomba la moshi: akisikia mluzi, ni valvu ya kutolea moshi. Anaweka sikio kwenye mdomo wa kujazia oili: kama pumzi inatokea huko, ni ringi za pistoni. Anakwenda kwenye njia ya kuingizia hewa. Silinda sita, na kwa kila moja anarudia mzunguko uleule bila haraka, hata kama tano za kwanza hazikusema kitu. Kisha anaingiza kamera nyembamba kupitia tundu la plagi kutazama uso wa valvu. Valvu yenye afya ina duara za rangi zilizokaa katikati. Inayoanza kuungua ina doa lililoelemea upande mmoja. Kwenye Continental hizi anapitisha tochi pia kati ya silinda na silinda, akitafuta nyufa za ganda la injini, maana ganda la baadhi ya 520 linajulikana kwa kupasuka.

Chujio la oili halitupwi. Analikata, anaikunjua karatasi yake na kuichunguza juani. Vipande vinavyometa anavipitishia sumaku: vinavyoruka ni chuma, visivyoruka pengine ni alumini ya pistoni. Vichache sana si ajabu. Vikiwa vingi, mazungumzo ya bei yanasimama.

Wanaotafuta ndege ndogo zaidi, kama zile Piper Super Cub ambazo askari wa wanyamapori wa KWS wamezitumia kufuatilia majangili, wanakutana na ukaguzi wa aina nyingine. Super Cub, iliyoanza mwaka 1949, ni mabomba ya chuma yaliyovishwa kitambaa. Hapo hofu ni kutu ya ndani: maji huingia kwenye mihimili ya bawa na kuila kutoka moyoni huku nje rangi ikiwa nzuri.

Tukirudi kwenye 206: baada ya injini, ndege inarushwa. Ukiniuliza, irushwe Kitale, saa za mchana. Kiwanja cha Kitale kiko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hubaki na takriban nne kwa tano ya nguvu zake, yaani farasi 240 badala ya 300. Uchovu ambao Mombasa ungefichwa na hewa nzito ya pwani hujitokeza huku wazi. Kabla ya kuondoka, magneto zinazotoa cheche za plagi zinajaribiwa moja moja. Mzunguko wa injini usishuke zaidi ya 150 kwa dakika, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Angani fundi huacha kuongea. Anatazama joto la silinda, anasikiliza kama usukani unavuta upande mmoja, anaiangalia ndege inavyopanda kuelekea vilima vya Cherangani na kuilinganisha na jedwali la kitabu.

Ripoti yake huwa kavu. Mambo ya kurekebishwa kabla ndege haijaruka tena, mambo yanayoweza kusubiri ukaguzi ujao, mambo ya kuangaliwa. Haambii mtu nunua wala usinunue, na analipwa kilekile ndege ikinunuliwa au ikiachwa. Ndiyo sababu asiwe fundi aliyekuwa akiihudumia kwa muuzaji. Mnunuzi mwenye busara huichukua ripoti ile kwenda nayo mezani, na kasoro ndogo zilizoandikwa kwa uaminifu mara nyingi humlipia gharama yote ya ukaguzi.

Wakikubaliana, kazi ya kwanza ni zile kasoro za orodha ya juu. Kama ni reli za kiti, zikishabadilishwa fundi anafungua daftari la mwili na kuandika chini ya mwandiko wa wenzake: tarehe, saa za ndege, kilichotolewa, kilichofungwa, namba ya kipuri. Anatia sahihi na namba ya leseni yake, herufi zikisomeka.