Kuhesabu Heroe kwa Java

Mpe mwanafunzi picha ya Ziwa Nakuru iliyojaa heroe, kisha umwagize aandike programu ya Java ya kuwahesabu. Agizo linasikika kama mzaha. Hata hivyo, ndani yake mna karibu kila jambo ambalo maabara ya multimedia ipo ili kulifundisha, na mazingira ya zoezi lenyewe yako mlangoni. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, kilomita ishirini na kitu kutoka Nakuru. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Kabarak nacho kiko kwenye barabara iendayo Eldama Ravine. Vyote viwili vinafundisha sayansi ya kompyuta, na ziwa haliko mbali na chochote kati ya hivyo.

Tatizo la kozi ya namna hii ni kwamba zana zake hufa mapema. Java ilipotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, kilichowavutia watu ni apleti, yaani programu ndogo zilizochezesha katuni ndani ya ukurasa wa intaneti. Chrome ilizifungia mlango mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017. Maktaba ya Java Media Framework, iliyokusudiwa kushughulikia video na sauti, iliachwa bila matengenezo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. JavaFX ilitoka mwaka 2008, na kufikia toleo la 11 la Java, mwaka 2018, ilikuwa imeondolewa kwenye kifurushi cha Oracle, mmiliki wa sasa wa Java. Mhadhiri aliyejenga kozi yake juu ya majina ya maktaba amelazimika kuandika upya madokezo yake mara tatu. Aliyeijenga juu ya hesabu za picha na sauti amebadilisha mistari michache tu.

Hesabu zenyewe huanza na pikseli. Simu ya kawaida hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Faili ya JPEG ikiwa kwenye diski huenda ikawa na megabaiti 4 tu, maana imebanwa. Java ikiifungua, kila pikseli inataka baiti 3, na picha hiyohiyo sasa inakula baiti milioni 36. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4, Java kwa kawaida hujitengea robo tu ya kumbukumbu. Mwanafunzi anayepakia albamu nzima ya ziara yake ziwani kwa mpigo mmoja ataishiwa nafasi kabla ya kufikisha picha ya 30, na skrini itamwandikia OutOfMemoryError. Wengi hulaumu kompyuta za maabara.

Akishaifungua picha moja, kazi ya pili ni kuijua rangi. Java inampa kila pikseli kama namba nzima moja ya biti 32: biti 8 za uangavu, 8 za nyekundu, 8 za kijani na 8 za bluu, zimepangwa kwa mfuatano huo. Ili kuipata nyekundu, unasogeza biti hatua 16 kulia, kisha unakata zilizobaki juu kwa kinyago cha 0xFF. Asiyekata hupata namba hasi, na heroe wake wote hutoweka.

Sheria ya kwanza ambayo wengi huiandika ni hii: nyekundu ikiizidi kijani kwa 40 au zaidi, hapo pana ndege. Mchana inafanya kazi vizuri. Jioni, jua linapozama na maji yote kuwa ya waridi, programu inaripoti kwamba ziwa zima ni heroe. Dawa ni kuacha kulinganisha rangi tatu mbichi na kugeukia aina ya rangi, ukolezi na mwangaza, kazi ambayo darasa la Color limekuwa likiifanya tangu zamani. Hata hivyo wapo heroe wakubwa, ambao manyoya yao yanakaribia weupe. Hao bado watapita bila kuhesabiwa.

Isitoshe, pikseli za waridi si ndege. Lazima kuunganisha zinazogusana ziwe fungu moja, kisha kuhesabu mafungu. Njia inayomjia mwanafunzi haraka ni mbinu inayojiita yenyewe kutoka pikseli moja hadi jirani yake. Kwenye picha ndogo ya majaribio inapendeza; kwenye picha halisi inaanguka kwa StackOverflowError, kwa sababu fungu moja la heroe waliosongamana lina makumi ya maelfu ya pikseli. Foleni ya kawaida inalimaliza tatizo hilo kwa mistari kumi hivi.

Picha za kujaribia nazo zichaguliwe kwa akili. Tangu takriban mwaka 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, magadi yamepungua ukali, mwani unaoliwa na heroe wadogo umepungua, na makundi makubwa yamehamia Ziwa Bogoria. Programu iliyorekebishwa kwa picha za kadi za posta za zamani, ikipewa picha ya miaka ya karibuni, inapaswa kutoa namba ndogo sana. Ikitoa kubwa, imehesabu kitu kingine.

Kisha kuna dirisha linaloganda. Swing, maktaba ya Java ya kuchora madirisha, ina uzi mmoja tu wa kuchora na kusikiliza vitufe, na kila tukio hupanga foleni hapo. Ukiweka hesabu ya pikseli milioni 12 ndani ya kitufe cha "Hesabu", dirisha halijichori tena hadi kazi iishe. Mtumiaji hubofya mara tano akidhani hakusikika, na mibofyo yote mitano inasubiri zamu. Java 6 ya mwaka 2006 ilileta SwingWorker, inayopeleka kazi nzito kwenye uzi mwingine na kurudisha jibu kwenye ule wa kuchora. Hapa ndipo kipindi cha maabara kinapostahili saa nzima, maana kosa hili halionekani kwenye msimbo: kila mstari ni sahihi, ila umewekwa mahali pasipofaa.

Sauti haihitaji muda mrefu hivyo. Sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti 2, mikondo miwili: baiti 176,400 kila sekunde. Simu ya mezani hutosheka na sampuli 8,000. Java yenyewe inasoma WAV, AU na AIFF. Anayeleta MP3 kutoka kwenye simu yake atakataliwa.

Ustadi huu wa picha na sauti ulipata kazi halisi Eldoret, kaskazini-magharibi mwa Nakuru. Open Data Kit, mradi ulioanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ulijaribiwa mapema na mpango wa afya wa AMPATH, wenye mizizi yake Chuo Kikuu cha Moi. Programu yake ya Android, Collect, iliandikwa kwa Java, nayo hukusanya majibu ya fomu pamoja na picha, sauti na video. Anayetunga fomu humo anaweza kuweka kikomo kiitwacho max-pixels. Akikiweka 1024, ile picha ya 4000 kwa 3000 inapunguzwa kuwa 1024 kwa 768 kabla ya kutumwa: pikseli 786,432, badala ya milioni 12.