Mpumuo Uliotupwa: Kosa la Tahajia Sanifu

Katika usanifishaji wa Kiswahili uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, irabu tano ziliandikwa vizuri na vikwamizo vikapata herufi zake. Lakini kuviacha vipasuo vyenye mpumuo bila alama lilikuwa kosa, tena kosa lililoweza kuepukwa.

Kipasuo hutamkwa ala za sauti zinapoziba njia ya hewa, hewa ikasongamana nyuma ya kizuizi, kisha kizuizi kikaachiwa ghafla. Katika /p/ huziba midomo miwili, katika /k/ huziba sehemu ya nyuma ya ulimi na kaakaa laini. Mpumuo, hata hivyo, hautegemei mahali hapo pa matamshi, bali hutokana na nyuzi sauti, ambazo zikichelewa kukaribiana baada ya kizuizi kuachiwa, huruhusu hewa itoke kwa msukumo kabla ya irabu kuanza. Kwa mzawa wa Mombasa, paa anayewindwa ana mpumuo ilhali paa la nyumba halina. Kaa wa baharini anao, kaa la moto halina. Tofauti hiyo si pambo la lahaja, kwa kuwa katika nomino za ngeli ya N nazali iliyotangulia kipasuo sighuna ilidondoka na kuacha mpumuo, hivyo kuufuta ni kufuta athari ya kiambishi hicho cha nazali.

Watetezi wa tahajia hiyo husema kwamba upatanisho wa kisarufi unatosha kuyatenga maneno hayo. Unamtosha msomaji anayejua tayari kutamka. Mwanafunzi wa bara, aliyejifunza lugha kwa kitabu, hutamka maneno mawili ya kila jozi sawasawa. Wala kifaa hakikukosekana, kwani ritifaa iliyotenga ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ingeweza kufanya kazi hiyohiyo baada ya p, t, k na ch.

Mmisionari W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua wa Mombasa walikwisha kuzitofautisha sauti hizi katika karne ya 19. Vitabu vya shule vya leo, kinyume chake, hupuuza matamshi ya wazawa hata nje ya mpumuo: vinanakili jedwali la konsonanti linaloita /b/ na /d/ vipasuo vya kawaida, ingawa wazawa wengi huzitamka kwa kuvuta hewa ndani. Tahajia haitabadilishwa sasa, lakini kamusi inayoonyesha ngeli ya kila nomino haina udhuru wa kutoonyesha mpumuo wake.