Asanteni, matabibu wa punda wa Lamu

Punda wetu alirudi kutoka kubeba mchanga akichechemea, mgongo umechubuka hadi nyama. Nikamkokota hadi hospitali ya punda, ile iliyoanzishwa na Donkey Sanctuary ya Uingereza mwaka 1987. Tabibu hakunigombeza. Alimkuna shingo, akamsemesha polepole mpaka masikio yakalegea, ndipo akakosha kidonda kwa maji ya chumvi, akainua ukwato na kuchomoa kigae cha chupa. Kisha akanionyesha namna ya kushona tandiko laini la magunia. Matibabu ni bure. Mji wetu, na vichochoro vyake visivyopitisha gari, huishi kwa migongo ya punda. Asanteni nyote, hata wewe kijana unayezoa kinyesi alfajiri. Punda wetu hachechemei tena.