Kiwanja Ndicho Kinachoamua Zaka

Asilimia 2.5 haimshindi mtu: gawanya kwa 40, umemaliza. Kinachowatatiza wafanyabiashara wetu ni kujua kipi kiingie kwenye jumla kabla ya kugawanya. Hapo ndipo haki ya maskini hupotea.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vitambaa Kariakoo siku haul yake, yaani mwaka wake wa zaka, inapotimia. Bidhaa zake, kwa bei ya soko ya siku hiyo na si aliyonunulia, ni shilingi 40,000,000. Benki na kwenye M-Pesa ana 12,000,000. Wateja wanaotarajiwa kulipa anawadai 6,000,000. Naye anadaiwa 8,000,000 na muuzaji wa jumla, na muda wa kulipa umefika. Rafu na pikipiki ya kupelekea mizigo hazihesabiwi, maana si bidhaa za kuuzwa. Akitoa deni, zinabaki 50,000,000 na zaka ni 1,250,000. Hata kuhusu hilo deni wanazuoni wamehitilafiana: kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanaifuata, ni kwamba deni halizuii zaka.

Lakini ana kiwanja Kigamboni, thamani yake sasa 30,000,000. Kikiingia, zaka inapanda hadi 2,000,000.

Je, kinaingia? Jibu limo katika nia aliyokuwa nayo siku ya kununua. Alikinunua ili akiuze bei ikipanda, basi ni mali ya biashara, na jamhuri ya wanazuoni, yaani wengi wao, wanamtaka akithamini na kukitolea zaka kila mwaka. Imamu Malik alitofautisha: anayeshikilia mali akingoja bei hutoa zaka ya mwaka mmoja tu, siku anapouza. Alikinunua ajenge, au amekirithi, hakina zaka, hata kama baadaye atatamani kukiuza. Kwa kauli ya wengi, tamaa ya baadaye peke yake haikigeuzi kuwa bidhaa. Na aliyenunua kibiashara kisha akaamua kwa dhati kujenga, kiwanja kinatoka kwenye hesabu papo hapo.

Mimi naona rai ya jamhuri inawafaa zaidi watu wa mijini, kwa sababu mali nyingi sasa zimelala kwenye ardhi, na maskini hawezi kungoja miaka 15 mpaka mnunuzi apatikane. Asiye na fedha taslimu aiandike zaka kama deni lake, ailipe apatapo.

Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ni gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha. Zamani viwango hivyo vilikaribiana; leo cha dhahabu ni kikubwa mara kadhaa. Mwenye duka wetu amevuka vyote viwili, lakini kwa mama mwenye akiba ndogo ya VICOBA uchaguzi wa kiwango kipi kifuatwe ndio unaoamua kama atatoa au atapokea.

Jambo la mwisho ni kalenda. Haul ni mwaka wa Hijria, siku 354 au 355. Anayehesabu Januari hadi Desemba kwa asilimia hiyohiyo hupunguza siku kama 11 kila mara, na katika miaka 33 hivi amekula zaka ya mwaka mzima.

Ndugu mnunuzi, siku unapotia saini mkataba wa kiwanja, andika pembeni umekinunua kwa ajili gani na tarehe ya Hijria. Warithi wako nao watauhitaji mstari huo.