Shuka za Miraba Mwaka 1896

Mwaka 1987, nilipokuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, niliwaongoza wanachuo wangu kuigiza mchezo tulioutunga wenyewe juu ya mauaji ya Akeri. Wasomaji wa huku kwetu Meru wanakijua kisa hicho. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale Akeri pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao, na baada ya hapo Kapteni Johannes akaja kutoka Moshi kulipiza kisasi kwa moto na kwa kuswaga mifugo ya watu. Wamisionari wangu wawili niliwavika kwa uangalifu mkubwa. Niliazima picha ya zamani, nikampelekea fundi cherehani, naye akashona makoti meusi yenye kola ya kusimama. Hata vifungo tulivihesabu. Wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru niliwanunulia shuka nyekundu za miraba sokoni mjini, kumi na mbili, kazi ya nusu saa.

Mchezo tuliuonyesha Nduruma, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Miongoni mwa watazamaji alikuwepo bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka themanini, ambaye sote tulimwita koko. Ulipokwisha nikaenda kumwamkia, nikitazamia sifa.

"Mwanangu," akaniambia, "wale Wazungu wako nimewatambua. Wale wengine walikuwa akina nani?"

"Ni babu zetu, koko."

"Baba yangu hakuivaa nguo ile. Wala mama yangu. Walivaa ngozi. Mbona umewavua?"

Nilitafuta la kujibu nikalikosa. Nililikosa kwa sababu habari ya ngozi niliijua tangu utotoni. Sikukosea kwa kutojua. Kwa nini basi nilikosea, hilo nitalieleza baadaye. Kwanza nataka kusema juu ya sinema, maana tangu siku ile siwezi kutazama sinema ya mambo ya kale bila kusikia swali la koko.

Chukua Out of Africa, ile sinema ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, inayosimulia maisha ya Karen Blixen katika shamba lake la kahawa karibu na Nairobi kuanzia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hadi aliporudi kwao Denmark mwaka 1931. Ilipata tuzo saba za Oscar. Mavazi yake yalibuniwa na Milena Canonero, fundi hodari, naye aliingia katika mashindano ingawa tuzo ya mavazi mwaka ule ilikwenda kwa Emi Wada wa Japani kwa sinema ya Ran. Sina ugomvi na mkono wa Canonero. Mtazame Meryl Streep anaposhuka kutoka kwenye gari moshi na kofia yake, kisha mtazame miaka ya mwisho: sketi imebadilika, kiuno kimebadilika, kitambaa chenyewe kimechoka pamoja na mwenye nacho. Ukizima sauti bado utajua miaka inapita.

Sasa watazame Wakikuyu wa shambani. Miaka kumi na saba inapita, nao wamesimama palepale wamejitanda kama walivyojitanda siku ya kwanza. Miaka ile ndiyo iliyowageuza watu mavazi kuliko miaka yoyote iliyotangulia. Wanaume waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi wakati wa vita, waliobahatika kurudi, waliyaona na kuyavaa makoti ya kijeshi. Watoto wa shule za misheni walianza kuvaa kaptula. Na kuna kitu kimoja ambacho mwanamume Mwafrika wa Kenya, hasa mfanyakazi wa shamba la Mzungu, hangeweza kutembea bila kuwa nacho baada ya sheria kuanza kutekelezwa kwa nguvu kufikia mwaka 1920: kipande. Karatasi ya kumtambulisha, yenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri, ikiwekwa katika kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya watu aliowasemea. Sinema hii nimeitazama mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa natafuta hicho tu. Macho yangu ya uzeeni hayakukiona.

Wala sisemi kwamba fundi hakujua maana ya vazi. Kuna jambo moja katika sinema hiyo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa uigizaji alione. Karen anamvisha Juma, mtumishi wake wa mezani, glavu nyeupe ili aandae chakula kwa adabu ya Ulaya. Mwishoni, mali imekwisha, yeye mwenyewe anamvua glavu zile. Hakuna hotuba, ni glavu tu, nasi tunaelewa mambo mengi juu ya ukoloni na juu ya yule mama. Kama glavu ziliweza kusema hivyo, kikopo cha shingoni kingesema nini?

Watu huniambia kwamba sinema ni hadithi, si jumba la makumbusho. Nakubali. Sijali zipu iliyofichwa mgongoni mwa gauni la mwaka 1914, wala saa ya mkononi iliyosahauliwa na mwigizaji wa pembeni. Makosa ya namna hiyo ni mchezo wa wenye nafasi. Ninachouliza ni nani amepewa tarehe na nani amenyimwa. Mzungu katika sinema hizi huvaa mwaka fulani. Mwafrika huvaa "zamani", na hiyo "zamani" aghalabu imenunuliwa sokoni wiki iliyopita.

Shuka ya miraba yenyewe ni mgeni. Joseph Thomson alipopita Umasaini mwaka 1883 na 1884 alikuta watu wa ngozi: ngozi za mbuzi, kondoo na ndama, zilizolainishwa kwa mafuta na kupakwa udongo mwekundu. Wekundu tunaoupenda leo ulitoka kwenye udongo huo kabla haujatoka kiwandani. Pamba ilikuwa ikipanda kutoka pwani kwa misafara. Kulikuwa na merikani, kitambaa kile kisicho na rangi ambacho wafanyabiashara wa Salem kule Marekani walikileta Unguja tangu miaka ya 1830, na kulikuwa na kaniki. Kwa hiyo mtu wa Meru wa mwaka 1896 angeweza kuwa na ngozi mwilini na kipande cha merikani kilichopakwa udongo begani, na waya wa chuma au wa shaba mkononi mwa mkewe. Blanketi na vitambaa vyekundu vilikuja polepole. Hii miraba ambayo mgeni wa leo akiiona anasema "Mmasai" ilienea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mimi ni mkubwa kuliko desturi hiyo, au tuseme tumekua pamoja.

Pwani mambo ni magumu zaidi kwa fundi, maana kanga ina maandishi na kosa lake husomeka. Mvalishe mwanamke wa Unguja ya mwaka 1955 kanga ya kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na bibi yeyote wa Ng'ambo atakucheka kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Ndiyo maana nilifurahi kuiona Vuta N'kuvute, sinema ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inayohusu Unguja ya siku za mwisho za Mwingereza. Yasmin, Denge na Mwajuma wamevaa kila mmoja kadiri ya jamaa yake, dini yake na mfuko wake, na mtu mweusi katika sinema hiyo ana mwaka wake kama alivyo nao askari wa Kiingereza. Kuna mahali nguo zimepigwa pasi mno kwa watu wasio na kitu. Lakini hilo ni kosa la mtu aliyejaribu.

Huku kwetu tunayo Hatari! ya Howard Hawks, aliyoipigia Momella na sehemu za Arusha, ikatoka mwaka 1962. Hiyo haikuwa sinema ya kale, ilikuwa ya siku zake, na kwa hiyo leo imekuwa hazina bila kukusudia. Mtu wa pembeni anayekatiza nyuma ya John Wayne hakuna aliyembuni. Nilimwomba mjukuu wangu asimamishe picha kila mara ili nitazame viatu. Lakini imo sherehe moja ambamo Waarusha wanampa yule msichana mpiga picha, Elsa Martinelli, jina la Mama Tembo na kumvika "kikwetu". Mimi ni Mwarusha na sherehe hiyo siitambui. Ya kubahatisha yalikuwa ya kweli, ya kubuni yakawa ya uongo, na yote ndani ya mkebe mmoja wa filamu.

Nimeahidi kueleza kwa nini niliwanunulia wanachuo wangu shuka.

Kati ya mwaka 1967 na 1968, mara baada ya Azimio la Arusha, mkoani kwetu ilipigwa kampeni ya kuwaachisha Wamasai lubega, ngozi na udongo mwekundu, wavae suruali. Waarusha hatukuponea pembeni. Nilikuwa mwanafunzi, nimevaa kaptula yangu ya khaki nikijiona mtu wa taifa jipya. Siku moja nilikuwa ndani ya basi baba yangu mdogo alipotaka kupanda njiani, na utingo akamzuia kwa sababu ya lubega. Aliniona dirishani. Nami nilitazama mbele kama nisiyemjua. Baadaye wazee walianza kuficha suruali kwenye nyumba ya ndugu karibu na mji, wakifika wanaivaa chini ya shuka, wakirudi wanaivua. Anayetaka kupiga sinema ya Arusha ya mwaka 1968 akumbuke suruali hizo. Zilikuwa fupi, na zilivaliwa kwa zamu.

Basi mwaka 1987 nilipofika kwenye swali la ngozi, niliona vijana wakichekwa, nikaona na dirisha la lile basi. Shuka ya miraba ilikuwa safi na ya kupendeza, haikumwaibisha mtu. Nadhani hata huko Hollywood si kila kosa ni la ujinga.

Mwaka uliofuata tuliurudia mchezo. Ngozi za mbuzi tulizipata kwa wachinjaji kwa bei ya bure, lakini hakuna kijana aliyejua kuzilainisha. Zilikauka zikawa kama mabati, na bweni likanuka hadi wenzao wakalalamika. Ilibidi niwaendee akina mama wawili wazee, nao wakafanya kazi ya wiki tatu kwa mafuta na kwa mikono. Zikapatikana ngozi mbili za kuvalika. Wapiganaji kumi waliobaki walijifunga merikani tuliyoipaka udongo wa korongoni, ambao ulidondoka jukwaani kila walipocheza. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza.

Koko alikaa mstari wa mbele. Ulipokwisha nikaenda tena kumwamkia, akaniambia shanga zilikuwa za plastiki.