North Hyde: Umeme Ulirudi Asubuhi, Onyo Lilikuwepo Tangu 2018

Usiku wa tarehe 20 Machi 2025, saa 5:21, transfoma moja katika kituo cha kupoza umeme cha North Hyde, magharibi mwa London, ilipata hitilafu, ikajitoa kwenye gridi na kushika moto. Kituo hicho hupokea umeme wa kilovoti 275 na kuushusha hadi kilovoti 66. Kabla ya nusu saa kwisha, transfoma zake zote tatu zilikuwa zimezimika. Karibu wateja 67,000 walibaki gizani, na uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa kwa sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Zaidi ya safari 1,300 za ndege zilivurugika.

Tuanze na yaliyofanyika vizuri. Transfoma ya ukubwa ule huundwa kwa agizo maalumu, na kuipata huweza kuchukua zaidi ya mwaka. Kwa hiyo usiku wa ajali hakuna fundi anayefikiria kuitengeneza. Kazi ya kwanza ni kukitenga kilichoungua: breka za umeme zifunguliwe pande zote mbili, nyaya zithibitishwe hazina umeme, kisha ziunganishwe na ardhi ili wazimamoto wasogee kwa usalama. Kazi ya pili ni kuwatafutia wateja njia nyingine kupitia vituo jirani, hatua kwa hatua, kwa sababu mzigo mkubwa ukihamishwa kwa mkupuo unaweza kuangusha hata kituo kilicho kizima. Hadi saa 12 asubuhi, takriban wateja 62,000 walikuwa wamesharudishiwa umeme kwa kuupanga upya mtandao.

Heathrow ilichelewa kwa sababu nyingine. John Pettigrew, wakati huo mkuu wa National Grid, kampuni inayomiliki kituo cha North Hyde, alisema vituo vingine viwili vinavyoulisha uwanja huo vilikuwa na umeme wa kutosha muda wote. Lakini mtandao wa ndani wa uwanja haukuundwa kuhamia chanzo kingine papo hapo. Ilibidi mafundi wabadilishe miunganisho, wazime na kuwasha upya mifumo mingi, kisha wahakikishe kila mmoja uko salama kabla ya ndege kuruhusiwa. Anayemiliki hospitali, bandari au kiwanda ajiulize hapa: njia ya pili ya umeme ninayo, lakini kuhamia huko kunachukua dakika ngapi?

Moto ukizimwa, huja tathmini, na hapa haraka ni hatari. Transfoma iliyosimama karibu na iliyoungua inaweza kuonekana nzima kwa macho. Masizi yaliyotanda juu ya vihami vya kauri hupitisha umeme, hivyo lazima vioshwe na kukaguliwa. Mafuta huchukuliwa sampuli kupimwa gesi zilizoyeyuka ndani yake. Asetilini ikionekana, hushukiwa kwamba cheche kali zilipita humo. Uhami wa koili hupimwa, na vilevile uwiano wa volti kati ya upande wa juu na wa chini. Kuiwasha transfoma bila vipimo hivi ni kukaribisha mlipuko wa pili.

Vipimo hivyohivyo ndivyo vilivyobeba siri ya North Hyde. Ripoti ya NESO, shirika linaloendesha mfumo wa umeme wa Uingereza, ilitolewa tarehe 2 Julai 2025. Ilieleza kuwa chanzo ni kuharibika kwa bushingi, yaani nguzo yenye kihami inayopitisha umeme mkubwa kutoka nje kuingia ndani ya tangi la chuma. Ndani yake mna tabaka za karatasi zilizoloweshwa mafuta. Unyevu ukipenya humo, uhami hudhoofika, umeme hutafuta njia ya mkato kuelekea kwenye chuma, na cheche yake huwasha mafuta. Inaelekea sana kwamba ndivyo ilivyokuwa. Uchunguzi haukupata ushahidi wa hujuma.

Linaloumiza ni hili: sampuli ya mafuta ya bushingi ile, iliyochukuliwa Julai 2018, ilikuwa tayari imeonyesha unyevu uliopita kiasi. Kwa mwongozo wa National Grid yenyewe, kiwango kile kilidai hatua ya haraka. Hatua inayolingana na uzito wake haikuchukuliwa, na transfoma ikaendelea kubeba mzigo kwa karibu miaka 7.

Maabara ilitimiza wajibu wake. Kilichokosekana ni mtu mwenye jina na mamlaka ya kusema mashine hii izimwe hadi bushingi ibadilishwe. Kila shirika la umeme, likiwemo la nchi yetu, linapaswa kuweka kanuni moja ngumu: kipimo kikivuka mpaka wa hatari, jibu liandikwe kwa tarehe na saini, na kuendelea kuiwasha mashine hiyo kuhitaji kibali cha maandishi cha mhandisi mkuu. Bushingi moja hubadilishwa kwa katizo lililopangwa, wateja wakiwa wamejulishwa mapema. Gharama ya kusubiri tumeshaiona.