Mgeni Aliyepewa Upanga

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, nazo sisi walimu aghalabu huzitumia darasani kama mfano wa methali zinazopingana. Ya kwanza husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika makala haya tutazitumia zote mbili kuipima filamu ya Kimarekani iitwayo *The Last Samurai*, iliyotolewa mwaka 2003 na kuongozwa na Edward Zwick. Baadhi ya wanafunzi wetu wameiona na kuichukua kama somo la historia. Kwa hiyo haitupasi kuinyamazia.

Kisa chenyewe kinaanza mwaka 1876. Kapteni Nathan Algren, mhusika anayeigizwa na Tom Cruise, ni askari wa Marekani aliyezama katika ulevi kwa sababu ya mauaji ya wenyeji wa asili wa nchi yake aliyoshiriki. Anaajiriwa kwenda Japani kulifundisha jeshi jipya la Mfalme Meiji. Katika pigano la kwanza anatekwa na samurai waasi wanaoongozwa na Katsumoto, anayeigizwa na Ken Watanabe. Anapitisha majira ya baridi kijijini mwao, anajifunza lugha na upanga, na mwishowe anapigana upande wao dhidi ya jeshi lile lile alilolifundisha.

Hatuna budi kukiri kwamba sehemu ya kijijini imetungwa kwa ustadi. Mwalimu yeyote wa lugha ataifurahia. Algren hapewi kitabu wala ubao. Anaokota neno moja moja penye chakula, miongoni mwa watoto, nyumbani kwa Taka, mjane wa mtu aliyemwua yeye mwenyewe vitani. Kila neno analolipata lina deni ndani yake. Naye Katsumoto anamtumia mateka wake ili akizoeze Kiingereza chake. Hapa filamu inasema kweli, yaani lugha hupatikana kwa kuishi na watu, na anayejifunza hujikuta amebadilika.

Hata hivyo, tukiyatazama maudhui kwa jicho la historia, dosari zinajitokeza. Katsumoto amechorwa kwa mfano wa Saigō Takamori, aliyeongoza uasi wa Satsuma mwaka 1877. Filamu inatuonyesha samurai wanaoidharau bunduki na kushambulia kwa upanga na mshale. Lakini jeshi la Saigō lilikuwa na bunduki na mizinga. Ugomvi wake na serikali haukuwa wa chuma cha kale na chuma kipya. Mwaka 1876 serikali ilikuwa imewapiga marufuku samurai kuvaa panga hadharani, na ikaikomesha posho waliyokuwa wakilipwa kwa vizazi na vizazi. Posho hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika kodi ya mpunga wa wakulima. Kwa maneno mengine, samurai walikuwa tabaka lililotetea haki zake, ingawa walikuwamo ndani yake watu wenye ushujaa na imani ya kweli.

Wakulima nao wako wapi katika filamu hii? Wapo nyuma ya picha, wametulia na wameridhika. Katika historia hawakutulia. Mwaka 1873 walifanya ghasia kupinga sheria ya kuandikishwa jeshini kwa lazima, na mwaka 1876 waliasi juu ya kodi ya ardhi, hata serikali ikaipunguza mwaka 1877 kutoka asilimia 3 hadi 2.5. Tena askari wa kuandikishwa, wengi wao watoto wa wakulima, ndio walioilinda ngome ya Kumamoto wasiweze kuiteka samurai wa Saigō. Filamu inawafanya askari hao kundi lisilo na majina wala sura, lenye kazi ya kufyatua rashasha na kisha kupiga magoti kwa heshima. Mgeni wetu alikaa majira mazima, lakini hatukuona siku ya tatu. Hakupewa jembe, alipewa upanga.

Methali ya kwanza ndiyo iliyotawala mwisho wa filamu. Samurai wote wanakufa, mgeni anapona, na ni yeye anayempelekea Mfalme upanga wa Katsumoto na kumkumbusha wahenga wake. Hapo ndipo Mfalme anapata ujasiri wa kuukataa mkataba wa Wamarekani. Kumbe Wajapani hawakumhitaji mgeni awakumbushe. Saigō alifia Shiroyama tarehe 24 Septemba 1877, serikali iliyompiga ikamsamehe mwaka 1889, na sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya Ueno, Tokyo, mwaka 1898.

Jambo hili linatugusa sisi walimu wa Kiswahili. Johann Ludwig Krapf alichapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850, na Edward Steere akachapisha yake mwaka 1870. Hatuibezi kazi yao, tumefaidika nayo. Lakini majina yao tunayakariri, ilhali wenyeji waliowatamkia maneno hayo moja baada ya jingine hatuwafahamu. Kila Algren alikuwa na Taka wake, na mara nyingi hadithi husimuliwa na Algren.

Tunamalizia na zoezi kwa madarasa ya juu. Jina la filamu likitafsiriwa litakuwa "Samurai wa Mwisho." Je, ni mmoja au ni wengi? Kiingereza hakituambii, wala Kiswahili hakituambii, kwa kuwa kiunganishi "wa" hutumika kwa mmoja na kwa wengi pia. Lakini mwanafunzi akitaka kuendelea na sentensi hana pa kujificha. Ataandika ama "alipona" ama "walikufa." Akiandika "alipona," amemchagua mgeni. Akiandika "walikufa," amewachagua wenyeji. Mwalimu na amwombe mwanafunzi aitetee herufi yake. Baada ya hapo amwombe aandike sentensi ya tatu, ambayo filamu haikuitoa, yenye mkulima kuwa mtenda.